Namna ya Kusahihisha Kitabu cha Mtihani wa Hisabu

Kitabu cha hisabu kilichotungwa kwa ajili ya kumwandaa mwanafunzi kwa mtihani kina daraja yake ya pekee miongoni mwa vitabu, kwa kuwa msomaji wake aghalabu hakisomi ili ahojiane nacho, bali ili akitii: hutazama swali, hujaribu kulijibu, kisha hufunua kurasa za mwisho penye ufunguo wa majibu, na alichokikuta huko hukipokea kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Basi kosa likiingia katika kitabu cha namna hiyo, madhara yake hayaishii kwenye swali moja, kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa ameshika njia sawa huiacha akaifuata iliyopotoka, na pamoja na njia hiyo huacha imani aliyokuwa nayo katika akili yake mwenyewe. Nia ya makala haya ni kueleza asili ya makosa hayo, namna ya kuyatambua, na adabu ya kuyasahihisha. Na hoja ninayoisimamia ni kwamba katika ilimu ya hisabu hakimu ni uthibitisho, wala si chapa, na kwa hiyo kila mwenye uthibitisho, awe mwalimu mwenye shahada au mtoto wa mchimba madini, anayo haki, tena anao wajibu, wa kukisahihisha kitabu.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 1967 mwanafunzi amalizaye shule ya sekondari hupimwa kwa Examen d'État, mtihani wa taifa zima, ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu moja miongoni mwa kadhaa, nayo wanafunzi huyaita itemu; na kwa sababu hiyo pana vijitabu vingi vinavyokusanya itemu za miaka iliyopita pamoja na majibu yake, vingine vikiwa vimetungwa kwa uangalifu, na vingine vikiwa fotokopi ya fotokopi, hata herufi zimefifia. Sasa tufikirie Bisie, katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, ambako tangu miaka ya mwanzo ya karne hii watu walimiminika kuchimba kasiteriti, lile jiwe la bati, wakawa wanabeba magunia ya kilo 50 kwa miguu, wakipenya msitu mzito hadi Njingala penye barabara, kisha ndege ndogo zikiyachukua kutoka sehemu za Walikale hadi Goma. Na huko huko, tangu mwaka 2019, kampuni ya Alphamin inachimba kwa mitambo katika mojawapo ya mashapo ya bati yaliyo tajiri kuliko yote ulimwenguni. Mahali palipo mbali hivyo na maduka ya vitabu, nakala moja husomwa na wengi na kunakiliwa kwa mkono, daftari kwa daftari, na kosa lililokuwa la mpiga chapa mmoja likawa mali ya darasa zima. Tena mwezi wa Machi 2025, vita vilipoukaribia mji wa Walikale, hata mgodi ule ulisimamisha kazi mpaka mwezi wa Aprili. Na katika nyakati za misukosuko kama hizo, mtoto anapokaa mbali na darasa, kitabu huwa ndicho mwalimu wake wa pekee, na taksiri ya mwalimu huyo haina wa kuirekebisha ila mwanafunzi mwenyewe.

Makosa ya vitabu hivi, tukiyachunguza kwa utulivu, yanagawanyika katika mafungu manne, na kila fungu lina dalili zake.

Fungu la kwanza ni la unakili na uchapaji. Alama za hisabu ni ndogo, na udogo wao ndio udhaifu wao: kipeo hushuka kikasimama sawa na tarakimu, alama ya kutoa hufutika, mstari wa kipeuo hufupishwa. Tuchukue mfano. Kijitabu kinauliza thamani ya 23 × 22, na majibu ya kuchagua ni 12, 25, 32, 64 na 1024. Mwanafunzi anazidisha, anapata 506, anatazama, haioni. Aliye mwoga atadhani amekosea kuzidisha, akarudia mara ya pili na ya tatu, muda wake ukapotea. Aliyefundishwa kukagua atajiuliza ni swali gani lililokuwapo kabla ya chapa kuliharibu, na atakapovirudisha vipeo mahali pake, akasoma 2³ × 2², atapata 8 × 4, yaani 32, na jibu hilo limo. Hali kadhalika kipeuo cha pili cha 9 + 16: mstari ukizifunika tarakimu zote mbili jibu ni 5, kwa kuwa ni kipeuo cha 25, mstari ukikomea juu ya 9, jibu ni 3 + 16, yaani 19. Tofauti ya 5 na 19 yote imebebwa na nusu sentimita ya wino.

Katika fungu hilo hilo imo alama ya mkato, ambayo mashariki ya Kongo yahitaji hadhari zaidi kuliko kwingineko. Shule za Kongo, kwa desturi iliyotoka Ubelgiji na Ufaransa, huandika desimali kwa mkato, ilhali vitabu vya Uganda, Kenya na Tanzania huandika desimali kwa nukta na kuutumia mkato kutenga maelfu. Kwa hiyo tarakimu 1,250 katika kitabu kilichovuka mpaka ni elfu moja mia mbili na hamsini, nayo machoni pa mwanafunzi wa Walikale ni moja na robo. Mtu akinakili maswali kutoka kitabu cha desturi moja kuyatia katika kitabu cha desturi nyingine bila kuzigeuza alama, amelizidisha au kuligawanya jibu kwa 1000, wala hapana jicho la haraka litakalomkamata.

Fungu la pili ni la ufunguo wa majibu. Hapa swali ni zima na jibu la mwanafunzi ni sahihi, ila orodha ya nyuma imeteguka. Yawezekana swali moja liliondolewa katika toleo jipya na jibu lake likasahauliwa orodhani, basi kuanzia hapo kila jibu limesogea nafasi moja. Au, kwa kuwa mtihani wa taifa hutolewa kwa seri mbalimbali, majibu ya seri moja yamefungashwa na maswali ya seri nyingine. Dalili ya kosa hili ni utaratibu wake: ukiona umekosana na ufunguo katika swali la 14, la 15 na la 16, usikate tamaa, bali linganisha jibu lako la 14 na jibu ambalo ufunguo umeliweka kwenye 15, la 15 na lile la 16, na kuendelea, yakipatana yote, yakini umeigundua nafasi iliyoteguka, na umeukomboa ukurasa mzima kwa uchunguzi mmoja.

Fungu la tatu ni la swali lenyewe kuwa na ila katika fikra, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwani hata mabingwa hunaswa humo. Mwaka 1982, katika mtihani wa Marekani uitwao SAT, ambao vyuo vikuu vya huko huutumia kupima waombaji, liliulizwa swali hili: duara dogo lina nusu kipenyo kilicho theluthi ya nusu kipenyo cha duara kubwa, likibiringika pembezoni mwa duara kubwa hata kitovu chake kirudi kilipoanzia, litakuwa limejizungusha mara ngapi? Watungaji waliona kwamba mzingo wa duara kubwa ni mara tatu ya mzingo wa dogo, wakaandika jibu 3. Jibu la haki ni 4, na 4 haikuwamo katika majibu yote matano waliyoyaweka. Miongoni mwa watahiniwa wapatao laki tatu, watatu tu ndio waliowaandikia wenye mtihani kuwaonyesha kosa lao, na wenye mtihani, baada ya kuzipima hoja zao, walikubali, wakalifuta swali na kuzihesabu upya alama za watahiniwa wote.

Msomaji anayeona ajabu na atwae vizibo viwili vya chupa za soda vilivyo sawa, akitie kila kimoja alama ya mkaa ukingoni, akishikilie kimoja mezani kisitikisike, akibiringishe cha pili pembezoni mwake bila kukitelezesha. Mizingo ikiwa sawa, akili hutarajia kizibo kijizungushe mara moja. Lakini akiifuata ile alama ya mkaa ataona imeelekea juu mara mbili kabla kizibo hakijarudi kilipoanza. Sababu yake ni kwamba linalopaswa kupimwa ni safari ya kitovu, si urefu wa ukingo peke yake. Katika swali lile la Marekani, nusu kipenyo cha duara dogo kikiwa 1, cha kubwa ni 3, na kitovu cha dogo kinasafiri juu ya duara lenye nusu kipenyo 1 + 3, yaani 4. Basi safari hiyo ni mara nne ya mzingo wa duara dogo, na mizunguko ni 4. Mkaa na vizibo viwili vinatosha kuhukumu kati ya mwanafunzi na jopo la wataalamu.

Fungu la nne ni la swali ambalo hesabu yake imenyooka ila limeukana ulimwengu. Mtungaji akiandika kwamba gunia la kilo 50 za kasiteriti lina kilo 45 za bati, kisha akauliza asilimia yake, jibu 90 halina lawama katika kugawanya. Walakini jiwe hilo halipo popote duniani. Kasiteriti ni muungano wa atomu moja ya bati na mbili za oksijeni: uzito wa atomu ya bati ni 118,7, wa oksijeni mbili ni 32, na jumla ni 150,7, gawanya 118,7 kwa 150,7 upate 0,788, yaani hata kasiteriti safi kabisa haivuki asilimia 79 ya bati, na gunia la kilo 50 haliwezi kutoa zaidi ya kilo 39,4. Hapa mtoto wa Bisie, aliyekua akiona mizani na kusikia wakubwa wakibishana juu ya asilimia za mawe, anaweza kumsahihisha mtungaji aliyeko mji mkuu. Wala si jambo la mtihani tu, maana ilimu hiyo hiyo humlinda mtu sokoni: anayeambiwa kwamba bei iliyoshuka kwa asilimia 20 imepanda tena kwa asilimia 20 na kwa hiyo hakupoteza kitu, na akumbuke kwamba 100 iliyoshuka ikawa 80, ikipanda kwa asilimia 20 inafika 96 tu.

Kosa likishatambuliwa, kulisahihisha kuna adabu yake. Usilifute lililochapwa, bali lipigie mstari mmoja mwembamba ili atakayekuja baada yako alione na apime mwenyewe kama ulikuwa na haki. Kisha andika katika daftari la pembeni jina la kitabu na mwaka wa toleo, ukurasa, namba ya swali, maneno yalivyochapwa, yanavyopaswa kuwa, na chini yake uthibitisho kamili. Kwa maana sahihisho lisilo na uthibitisho ni kauli dhidi ya kauli, na mwanafunzi hatakuwa amefanya ila kubadilisha bwana wa kumtii. Mwisho mpe mwenzako swali hilo bila kumwonyesha jibu lako, naye alifanye kwa njia nyingine. Sharti hilo la njia nyingine si la bure: Mwingereza William Shanks alitangaza mwaka 1873 tarakimu 707 za desimali za pai, kazi ya mkono iliyostaajabiwa na kunakiliwa vitabuni kwa takriban miaka sabini, mpaka katika miaka ya 1940 mkokotoaji mwingine, D. F. Ferguson, alipoikokotoa kwa kanuni nyingine akakuta kwamba kuanzia tarakimu ya 528 zote zilikuwa zimepotoka. Heshima ya Shanks ilidumu muda wote huo kwa sababu watu walinakili, hawakukokotoa.

Wala asidhani mtu kwamba kukisahihisha kitabu ni kumvunjia heshima mtungaji. Mwanachuoni Ibn al-Haytham wa Basra, yapata miaka elfu moja iliyopita, alitunga kitabu kizima cha shaka zake juu ya Ptolemaio, mwanafalaki wa kale, ambaye yeye mwenyewe alimsoma na kumtukuza. Na katika zama zetu Donald Knuth, mwandishi wa vitabu mashuhuri vya ilimu ya kompyuta, alikuwa, hadi mwaka 2008, akimlipa dola 2,56 mtu wa kwanza aliyemwonyesha kosa lolote katika kazi zake. Mwanachuoni wa kweli huhesabu sahihisho kuwa ni zawadi aliyoletewa.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Walikale, wa Masisi iliyo jirani, na wa kila mahali ambapo kitabu kimoja kinasomwa na wengi, waweke shuleni daftari la masahihisho, lirithiwe na darasa kwa darasa, na mwanafunzi anaposimama akasema, "Mwalimu, ufunguo huu haukubaliani na hesabu yangu," asiambiwe akae, bali aitwe ubaoni aonyeshe. Akiwa amekosea, kosa lake litadhihirika mbele ya macho yake naye atalijua kwa sababu zake. Akiwa amepatia, wenzake wote wameokolewa. Katika hali zote mbili amepata lile ambalo mtihani wenyewe ulikusudiwa kulipima, yaani uwezo wa kuijua kweli ya hesabu bila kuambiwa na mtu, na uwezo huo ataubeba popote aendako, hata kusikokuwa na ufunguo nyuma ya kitabu.