Dungu la Bibi

Ulipokuwa mtoto ulifanya kazi gani nyumbani? Mimi niliamia ndege.

Nilizaliwa mwaka 1980 katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Dodoma. Chakula chetu kilikuwa ugali wa mtama na uwele. Mtama ulipotoa masuke, baba alijenga dungu katikati ya shamba. Mimi na bibi tulikaa juu yake toka alfajiri hadi jua kuzama. Nilikuwa na kombeo, mawe na debe bovu.

Adui wetu alikuwa kweleakwelea. Ndege huyu ni mdogo, na mdomo wake ni mwekundu. Ndege mmoja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku. Hizo si nyingi. Lakini ndege hawa huja kwa makundi makubwa. Kundi la ndege milioni moja laweza kumaliza tani 10 kwa siku moja.

Jioni moja, mwaka 1990, bibi alitangulia nyumbani kupika. Nilikuwa nimeamka usiku, nikasinzia. Nilipozinduka, shamba lilikuwa likivuma kama mvua. Upande mzima wa masuke ulibaki makapi. Bibi hakunichapa. Siku ya kupura alinipa ungo nipepete masuke yale, mimi peke yangu. Nilipepeta asubuhi nzima nikapata kibaba kimoja.

"Haya mjukuu wangu," alisema, "hiki tutakila siku ngapi?"

Sikujibu. Mwaka ule, kuanzia mwezi wa Novemba, tulikula mlo mmoja kwa siku.

Shuleni nako niliumia. Kwa majuma sita sikuonekana darasani, nikarudia darasa la tatu. Wenzangu wengine hawakurudi kabisa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilikwisha kuwataka wazazi wapeleke watoto shule, lakini ndege hawakuisoma sheria hiyo.

Hata hivyo, kule juu ya dungu nilijifunza. Bibi alinionyesha suke nene, lililokomaa vizuri, akalifunga kamba ili lisiliwe. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu. Aliitundika juu ya meko, moshi ukazuia wadudu. Cheti cha kilimo nilikipata chuoni, lakini somo la mbegu nilikuwa nalo tayari. Wanangu wanajua kusoma na kuandika kunishinda nilivyokuwa mimi, lakini hawajui kuchagua suke la mbegu. Kosa hilo ni langu. Sikuwapeleka shambani.

Msimu uliopita nilimkuta mama mmoja amemtoa mwanawe wa darasa la tano shuleni ili aamie ndege. Nilianza kumweleza faida za elimu. Akanikatiza:

"Bwana shamba, mtoto akienda shule, nani atalinda? Wewe?"

Nilinyamaza. Bibi yangu angeuliza vivyo hivyo.

Tukawaita majirani watatu ambao mashamba yao yamepakana na lake. Tukakubaliana zamu. Ndege hula zaidi asubuhi na jioni. Kwa hiyo watu wazima wawili walilinda mashamba yote manne asubuhi, na wengine wawili mchana. Watoto walikuja saa kumi, baada ya shule. Pia walikubali kupanda kwa wakati mmoja msimu unaofuata, maana shamba linalokomaa peke yake huliwa lote. Mama yule alitaka kujua kwa nini mtama mwekundu wa zamani haukuliwa sana. Nilimweleza kuwa una uchungu, ndege hawaupendi. Mweupe tunaolima sasa una ugali mzuri na soko, ila ndege nao wanaupenda.

Nilipopita tena jioni moja, yule kijana alikuwa juu ya dungu na daftari la hesabu magotini. Nilimwomba anionyeshe suke la mbegu. Alinyoosha kidole kwenye suke refu lenye punje chache. Nikapanda juu, nikaketi karibu naye, nikatoa kamba mfukoni.