Abiria Mmoja, Mtumbwi Uleule

Wanangu wa Chewele, sogeeni karibu. Leo tuna kijineno cha Kiingereza kinachogombanisha wanafunzi, na walimu nao kimewashinda.

Tuseme mwalimu kaandika ubaoni: "Every pupil must bring ... book." Kaacha pengo, mlijaze ninyi. Mvulana mmoja kajaza "his". Msichana wa nyuma kakunja uso. "Na sisi je, hatuna vitabu?" Yeye kajaza "his or her". Wa tatu kaandika "their", na darasa zima likamcheka. "Mwanafunzi ni mmoja! 'Their' ni ya wengi!"

Nani kapatia?

Kwa Kiswahili ugomvi huu haupo. Kila mwanafunzi alete kitabu chake, basi. Awe mvulana, awe msichana, ni "alete" na ni "chake". Wapokomo nao husema hivyohivyo kwa lugha yao. Lakini ninyi mnaozungumza Kiorma nyumbani mnajua mambo mengine: mwanamume ana neno lake, mwanamke ana lake. Kiingereza nacho ndivyo kilivyo. Sasa kama hujui anayesemwa ni nani, ushike neno lipi?

Wazee wa sarufi walisema: shika la mwanamume, litamfunika na mwanamke. Hata Bunge la Uingereza, mwaka 1850, lilipitisha kwamba katika sheria zake neno la kiume lihesabiwe kuwa na wanawake ndani yake.

"Mjomba, kwa nini la mwanamke lisimfunike mwanamume?"

Ahaa! Swali zuri hilo, mwanangu. Nalipenda sana. Wale wazee hawakuwahi kulijibu vizuri.

Huku nyuma watu walikuwa na njia yao. Tangu karne ya 14 Waingereza wamekuwa wakitumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana ni nani. Shakespeare kalitumia hivyo. Jane Austen kalitumia hivyo.

"Lakini Mjomba, mmoja atakuwaje wengi?"

Twende mtoni tukauulize mtumbwi.

"Mimi," mtumbwi unasema, "nilichongwa nivushe watu wengi hapa Tana. Lakini kuna asubuhi anakuja mtu mmoja tu. Nijikate niwe mdogo? Sijikati! Namvusha. Na upondo wangu ni uleule."

Mmesikia? "They" ndio mtumbwi, na "are" ndio upondo wake. Awe abiria mmoja, wawe kumi, upondo haubadiliki. Ndiyo maana husemi "they is". Unasema "they are", hata kwa mmoja.

Bado hamjaamini? Mtazameni "you". Zamani lilikuwa neno la wengi, na mmoja aliitwa "thou". Leo unamwambia mtoto mmoja "you are", na hakuna anayekucheka. Sasa kosa la "they" liko wapi? Mimi silioni.

Lakini angalieni. Kama hadithi yako ina mtu mmoja na kundi la watu, "they" laweza kumchanganya msomaji asijue unamsema nani. Hapo taja jina, yaishe.

Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani ililichagua "they" kuwa neno la mwaka, kwa jinsi watu walivyolitafuta. Kuna watu wanaoomba waitwe hivyo, kwa sababu "he" na "she" hayawatoshi, na kamusi hiyo imeiandika maana hiyo pia.

Na mtihani je? Wasahihishaji wengine bado hukata alama. Ukiwa na shaka, anza na wanafunzi wengi tangu mwanzo: "All pupils must bring their books." Hapo hakuna wa kukukata. Darasani nako, inueni mkono mumuulize mwalimu anataka lipi na kwa nini. Na yule wa tatu aliyechekwa, msimcheke tena. Alipatia.