Mbwa Mzee Anayechafua Nyumba: Tumfanyeje?

Huenda kichwa cha makala haya kimekuchekesha. Watu wana karo ya shule ya kulipa, mvua haijulikani itakuja lini, na sisi hapa tunaandika juu ya mbwa anayekojoa ndani ya nyumba? Lakini sisi tunaozunguka kutembelea wazee majumbani tunajua kwamba jambo hili limegombanisha watu wa boma moja mara nyingi kuliko mnavyofikiri.

Habari huwa ni ile ile. Kuna nyanya anayeishi na mwanawe na mke wa mwanawe. Kuna mbwa ambaye amekuwa hapo miaka kumi na miwili. Amefukuza wezi, amesindikiza watoto hadi barabarani. Tangu mzee wa boma afariki, nyanya humlaza mbwa huyo ndani, maana ndiye mwenzake wa usiku. Sasa mbwa amezeeka. Asubuhi sebule inanuka mkojo, kuna choo kando ya kiti, na mtoto mdogo anatambaa kwenye sakafu hiyo hiyo. Anayepiga deki ni mke wa mwana, na amechoka. Mwana anasema atatafuta sumu. Nyanya anasema mbwa akitoka, na yeye anatoka.

Kila mmoja hapo ana neno la haki. Basi tusianze na kelele, tuanze na huyo mbwa mwenyewe. Ana nini?

Mbwa aliyezoea kwenda haja nje miaka yote haanzi kuchafua nyumba kwa kiburi. Wala hamlipizi mtu kisasi, hata kama inaonekana hivyo akichafua mahali pa yule asiyempenda. Mwili wake ndio umebadilika. Ukimpiga kwa ajili ya mkojo wa saa nane usiku na sasa ni saa moja asubuhi, haelewi anapigwa kwa nini. Atajifunza tu kukuogopa, na kesho atakojoa nyuma ya kitanda mahali usipoona.

Mbwa mkubwa wa mwili huanza uzee akiwa na miaka saba hivi, na mdogo akiwa na kumi au zaidi. Kuanzia hapo angalia dalili. Kwanza, je, anakunywa maji mengi kuliko zamani? Hili unaweza kulipima wewe mwenyewe. Asubuhi mwekee lita mbili kamili kwenye karai, zuia kuku na mbwa wengine wasinywe, na kesho yake pima yaliyobaki. Mbwa wa kilo 15, ambao ndio uzito wa mbwa wengi wetu wa kienyeji, akimaliza zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, hiyo si kawaida. Figo zinaweza kuwa zinachoka, au ni kisukari, maana hata mbwa hushikwa na kisukari. Na tafadhali, usimnyime maji ati ndio asikojoe. Mwenye figo mbaya anakunywa kwa sababu mwili unapoteza maji, na ukimnyima utammaliza.

Akikojoa kidogo kidogo mara nyingi, akijikaza, na mkojo una damu au harufu kali, hapo fikiria ugonjwa wa kibofu au mawe. Mkojo wa rangi ya chai kavu au kahawa, pamoja na homa na ufizi mweupe, mara nyingi ni ugonjwa wa kupe, na hiyo ni safari ya daktari siku hiyo hiyo. Mbwa jike aliyetolewa mfuko wa uzazi anaweza kuvuja akiwa amelala bila hata kujua, kwa sababu mlango wa kibofu umelegea. Hiyo ina dawa, na dawa hiyo husaidia wengi. Dume ambaye hajahasiwa huvimba tezi karibu na kibofu, anajikaza kwenda choo, pengine anadondosha damu. Akihasiwa tezi hiyo hupungua.

Nataka niongee zaidi juu ya jike ambaye hajafungwa kizazi, kwa maana hao ndio wengi katika maboma yetu. Ikiwa wiki chache baada ya kutafutwa na madume ameanza kunywa maji sana, kukojoa ndani, kukataa chakula na kutapika, mfuko wake wa uzazi huenda umejaa usaha. Wakati mwingine usaha unaonekana ukitoka, wakati mwingine haufanyi hivyo. Huyo asipotibiwa upesi atakufa, na wenye mbwa watabaki wakisema alikufa na uzee. Matone ya damu sakafuni kwa dume au jike yanaweza pia kuwa ni uvimbe ule wanaoambukizana wakipandana. Unatisha kuuona, lakini mara nyingi hupona kabisa kwa sindano za wiki kadhaa.

Kuna wengine ambao kibofu ni kizima ila miguu ndiyo imekataa. Sehemu za baridi kama Limuru na Kinangop utawaona asubuhi wakiinuka pole pole, viungo vimekaza. Anataka kutoka, lakini kabla hajafika mlangoni haja imemshinda. Huyu choo chake utakikuta kimedondoka njiani, moja hapa moja pale. Hapo mtu asimpe dawa za binadamu za maumivu. Vidonge kama brufen na diclofenac vinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo. Hata sindano ya prednisolone, ambayo watu huichoma ovyo, humfanya mbwa anywe na kukojoa zaidi. Dawa ya viungo vya mbwa ipo. Uliza daktari wa mifugo.

Halafu kuna yule ambaye akili imechoka, sawasawa na wazee wetu wengine. Anazunguka usiku, anasimama kwenye kona kana kwamba amesahau mlango uko wapi, anatolewa nje na kurudi kukojoa ndani. Huyu hafundishiki upya. Tunampangia tu maisha.

Angalizo moja kubwa. Mabadiliko ya uzee huja pole pole. Mbwa aliyebadilika kwa siku chache tu, anayetokwa mate, sauti imekuwa ya ajabu, anayumba, anauma vitu ovyo au anashindwa kumeza, usimtie mkono mdomoni. Mfungie mahali na uite watu wa mifugo, kwa maana huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akiwa ameuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kudungwa sindano. Mbwa hata awe mzee namna gani achanjwe kila mwaka.

Sasa tuje kwenye nyumba. Mbwa mzee atolewe nje mara tu anapoamka, baada ya kula, kabla ya watu kulala, na mara moja usiku kama kuna mtu anayeamka. Apelekwe kwa kamba mahali pale pale, na mtu asimame naye hadi amalize. Kumfungulia mlango tu hakutoshi. Atasimama kwenye baridi akuangalie, kisha arudi. Kama kuna ngazi mlangoni, jaza udongo ushindiliwe uwe mteremko. Simenti laini humtelezesha, kwa hiyo tandika magunia njiani.

Kitanda chake kiwe gunia lililojazwa nyasi kavu au maganda ya mahindi, juu ya karatasi ya nailoni. Blanketi kuukuu ziwe mbili, moja juani na moja chini yake. Mbwa anayelalia mkojo huchubuka ngozi, nzi wakataga mayai, na kwa siku mbili tatu unakuta mabuu. Mwoshe sehemu hiyo kwa maji ya vuguvugu, mkaushe vizuri, umpake mafuta ya mgando.

Mkojo wa sakafuni unyonywe kwanza kwa tambara au majivu, ndipo uoshe kwa sabuni. Kwa simenti, malizia na siki, ile ambayo madukani huitwa vinega, ikichanganywa nusu kwa nusu na maji. Siki hupunguza ile harufu inayomwita mbwa arudi pale pale. Jiki usiimwage juu ya mkojo wala usiichanganye na siki, maana hutoa hewa mbaya inayochoma kifua, na nyumba zetu madirisha ni madogo. Sakafu ya udongo ikwanguliwe tabaka la juu, udongo huo utupwe mbali, na pakandikwe upya.

Mwenye kusafisha avae glavu au mfuko wa nailoni mkononi, hasa kama ana kidonda, kwa sababu mkojo wa mbwa mgonjwa unaweza kuambukiza watu. Choo kiondolewe kila siku na kutupwa kwenye shimo la choo, si kwenye mboga. Mayai ya minyoo mikubwa ya mbwa huchukua kama wiki mbili au zaidi kabla ya kuweza kumdhuru mtoto, kwa hiyo anayeokota kila siku amekata njia yake. Kuna tegu mwingine mdogo, yule ambaye huwaletea watu uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu na ambaye umesumbua sana Turkana. Mayai yake hayangoji siku hata moja. Basi mbwa asipewe maini na mapafu mabichi, apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na mtoto anawe mikono. Ukinunua dawa kwenye agroveti uliza kama ina praziquantel, kwa maana si kila dawa inaua tegu huyo.

Bado kuna lile swali la nani anafanya kazi hii. Naona si haki nyanya apende mbwa na mke wa mwana aoshe. Mahali ambapo mambo yametulia, watu walikaa chini wakagawana: nyanya anamtoa asubuhi na jioni, mwana anamtoa usiku na kulipa daktari, na mbwa hafiki tena sebuleni mtoto anapochezea. Analala jikoni au stoo, penye paa na pasipo na upepo, karibu na mlango wa nyanya. Wanaume husahau kwamba saa nane za usiku ni zao pia.

Na ile sumu? Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inaweza kukufikisha kortini. Tena sumu haichagui. Hufuata kuku, mbwa wa jirani, hata mtoto aliyeokota kipande cha nyama. Kumtupa sokoni au kando ya barabara mbwa asiyeona vizuri ni ukatili vile vile.

Siku inaweza kufika ambapo hali tena, hawezi kusimama, analia akiguswa, na analala ndani ya uchafu wake kila mnapomgeuza. Hapo mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa amchome sindano ya kufa bila maumivu, na mpatane bei kabla hajaja. Nyanya aambiwe mapema, si akute mbwa hayupo. Akitaka kukaa naye wakati huo, akae. Kisha chimbeni shimo la mita moja au zaidi na mfukie vizuri, kwa sababu dawa hiyo hubaki mwilini na inaweza kuua mbwa mwingine au ndege atakayemfukua.