Amana ya Kisheria: Maktaba ya Taifa ya Australia na Makaratasi Yetu

Mtu akiniuliza Maktaba ya Taifa ya Australia ina nini kuhusu Zanzibar, humjibu kwamba ina mengi, na karibu yote yamesemwa na watu wengine. Nataka kueleza hapa kwa nini iko hivyo, na sheria ya nchi hii inatupa nafasi gani ya kuweka humo maneno yetu wenyewe.

Maktaba hiyo iko Canberra, kando ya ziwa Burley Griffin. Iliundwa rasmi kwa sheria ya mwaka 1960, na jengo lake la sasa lilifunguliwa Agosti 1968. Kutoka kwetu Doonside ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, na wazee wetu wengi hawawezi tena safari hiyo. Lakini hawana haja nayo. Mkaazi yeyote wa Australia anaweza kuomba kadi ya maktaba bila malipo, na akishaipata atasoma sehemu kubwa ya hazina hiyo akiwa nyumbani, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi.

Mlango wa kuingilia ni Trove, mtandao ulioanzishwa na maktaba hiyo mwaka 2009. Humo mna mamilioni ya kurasa za magazeti ya zamani ya Australia, na kuyasoma hayataki hata kadi. Andika neno "Zanzibar" na mwaka 1896, utajionea. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti mwaka huo. Sayyid Khalid bin Barghash akaingia kasri, na asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zikalipiga kasri kwa mizinga kwa muda usiofika hata saa moja. Sayyid Khalid akakimbilia kwa balozi wa Kijerumani, na Sayyid Hamoud bin Muhammad akawekwa kwenye kiti. Zanzibar ilikuwa na waya wa simu wa chini ya bahari tangu 1879, na Australia imeungwa na dunia kwa waya kama huo tangu 1872. Kwa hivyo msomaji wa Sydney aliipata habari ile upesi, ila aliipata kupitia London, kwa maneno ya London. Ndani ya habari hizo mna manowari, maofisa wa Kiingereza na idadi ya risasi. Watu waliokufa ndani ya kasri ni hesabu tu, hawana majina.

Hali ni hiyo hiyo kwa Januari 1964. Magazeti mengi ya Trove yanaishia 1954 kwa sababu ya haki za wenye kuyachapisha, lakini Canberra Times linafika mpaka 1995, kwa hivyo siku za mapinduzi zimo. Nawashauri vijana wayasome, ila wakumbuke wanachosoma. Karatasi ile inatuambia mtu wa Canberra alisoma nini siku ile wakati anakunywa chai yake. Yaliyotokea Ng'ambo, Malindi au mashamba ya Pemba hayamo, na hayawezi kuwemo.

Habari njema ni kwamba mtandao huo upo na utaendelea kuwepo. Palikuwa na khofu kubwa mwanzoni mwa 2023 kwamba fedha za kuuendesha zingekwisha katikati ya mwaka. Mwezi Aprili serikali ikatangaza dola milioni 33 kwa miaka minne, na baada ya hapo dola milioni 9.2 kila mwaka. Sisi tuliozoea kusikia kwamba nyaraka zimeliwa na mchwa au zimelowa kwa mvua tunajua thamani ya tangazo kama hilo.

Kuna kazi moja ndani ya Trove ambayo wastaafu wetu wangeweza kuifanya hata leo. Maandishi yale yamesomwa na mashine, na mashine hukosea, khasa herufi zilizofifia na majina ya kigeni. Msomaji yeyote anaruhusiwa kurekebisha mstari mmoja mmoja ili maandishi yalingane na gazeti lilivyochapwa. Kosa la gazeti lenyewe halirekebishwi, na ni haki hivyo, kwani kosa nalo ni taarikh. Lakini pembeni unaweza kuongeza maelezo yako: kwamba Seyyid fulani aliyetajwa hapa ni mtoto wa fulani, au kwamba mahali hapa pameandikwa vibaya na jina lake ni hili. Mjukuu atakayetafuta babu yake miaka thelathini ijayo atashukuru.

Sasa nije kwenye sheria. Kwa Kiarabu huitwa *al-ida' al-qanuni*, na neno hilo limetoka kwenye shina moja na *wadi'a*, yaani amana. Naona hakuna jina zuri zaidi ya hilo, kwa hivyo nitaiita amana ya kisheria. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Australia ya mwaka 1968, kila anayechapisha kitabu, jarida au kijitabu katika nchi hii anatakiwa apeleke nakala moja Maktaba ya Taifa ndani ya mwezi mmoja tangu kukitoa. Kanuni hii inatokana na sheria ya zamani zaidi ya 1912. Tangu Februari 2016 inahusu pia machapisho ya kompyuta. Maktaba hailipi kitu kwa nakala hiyo, na asiyepeleka anaweza kutozwa faini. Maktaba ya Jimbo la New South Wales, iliyoko Macquarie Street mjini Sydney, nayo ina haki yake ya kupata nakala.

Wengi wetu husikia neno "mchapishaji" wakafikiria kampuni kubwa yenye ofisi na makatibu. Sivyo. Aliyeandika nasaba ya ukoo wake, akaipeleka kwa mpiga chapa, kisha akaiuza au akaigawa bure kwa watu, huyo ndiye mchapishaji. Idadi ya nakala haijalishi, na lugha pia haijalishi. Kijitabu cha madrasa, jarida la jumuiya, diwani ya mashairi ya mzee aliyefariki, maulidi yaliyotafsiriwa na kuchapwa Blacktown, vyote vimo. Nimeona vitabu vya aina hii vikigawiwa harusini na matangani, vizuri vya kupendeza, na baada ya miaka michache humpati hata mtu mmoja mwenye nakala. Kumbe pangekuwa na mahali penye hewa baridi na wakutubi wa kulipwa ambapo nakala moja ingetunzwa daima, kwa gharama ya stempu tu.

Kitabu kikiwa cha kompyuta, kazi ni nyepesi zaidi. Upo mfumo mmoja wa nchi nzima uitwao NED, ulioanza 2019, na ukipakia faili lako humo umeshatimiza wajibu wako kwa maktaba ya taifa na ya jimbo kwa pamoja. Mfumo huo hukuuliza pia nani aruhusiwe kukisoma. Unaweza kukifungua kwa dunia nzima, au kikasomwa ndani ya maktaba tu. Nalitaja hili kwa sababu najua familia zinazosita. Nasaba zetu zina mambo ya ndani: ndoa, talaka, masuria, mashamba yaliyogombaniwa. Si kila kitu ni cha kila mtu.

Ushauri mdogo kuhusu ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Andikeni jina la mwandishi kwa namna moja na mshikamane nayo. Kharusi, Al Kharusi na Alkharusi huonekana kwa mashine kama watu watatu. Kama kitabu ni cha Kiswahili kwa khati za Kiarabu, wekeni pia anwani yake kwa herufi za Kilatini, na sentensi mbili tatu za Kiingereza zinazoeleza kinahusu nini. Na tarehe za Hijria ziandikwe pamoja na za Miladia, maana mwaka 1314 unaangukia 1896 na 1897 pia, na asiyejua mwezi hatajua ni upi.

Kuna kitu kimoja ambacho sheria hii haikigusi, nacho ndicho chenye thamani kuliko vyote: makaratasi yasiyochapwa. Hati ya shamba la mikarafuu, barua kutoka Muskat, wasia, daftari la duka, pasi ya kusafiria ya Mlinzi wa Kiingereza. Hayo ni mali ya familia, na hakuna atakayekuja kuyadai. Kwa hivyo mzee akifariki, na watoto hawasomi khati za Kiarabu, huishia kwenye pipa la taka siku ya kusafisha nyumba.

Yaende wapi? Sayyida Salme aliacha vitabu na makaratasi yake, na mwanawe Rudolph Said-Ruete akayapeleka Leiden, Uholanzi. Leo mtafiti anayetaka kuyaona anajua pa kwenda, ingawa ni mbali na Mtoni alikozaliwa bibi huyo. Muskat ipo Mamlaka ya Nyaraka na Hifadhi za Taifa, iliyoundwa kwa amri ya kifalme mwaka 2007, nayo hupokea na kusajili hati za watu binafsi. Zanzibar ipo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ambayo mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Rai yangu ni kwamba hati ya shamba la Pemba mahali pake ni Kilimani, kando ya hati za majirani wa shamba hilo, maana peke yake haisemi mengi. Najua wapo watakaonuna kusoma hivyo, na wanazo sababu zao, tangu 1964. Kwao hao nasema basi angalau zipigwe picha, nakala moja ibaki kwa familia na nyengine ipelekwe kwenye taasisi wanayoiamini.

Kila mwezi wa Agosti huwa ni mwezi wa historia ya familia hapa Australia, na maktaba nyingi hutoa mafunzo ya kutafuta nasaba. Maktaba ya Taifa nayo huendesha mafunzo ya bure kwa njia ya mtandao, na ina huduma ya kujibu maswali ya watu walio mbali. Ratiba hutolewa kwenye tovuti yake, na anayetaka kuhudhuria ajiandikishe mapema. Aje na swali moja mahsusi, kwa mfano jina la meli au mwaka wa kuwasili, kuliko kuja na ukoo mzima. Na kabla ya hapo, kaa na mzee wako, mtoe picha sandukuni moja moja, na nyuma ya kila moja mwandike kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, nani yumo, wapi, na mwaka gani.