Ini Kutazamwa Bila Kukatwa

Wapo wanaokimbia kutolewa kinyama cha ini, wakarudi tumbo limejaa maji. Kipimo cha MRI chaweza kueleza mengi bila kuligusa ini. Sindano ipo, ila ni ya mkononi tu: dawa huingizwa mshipani, picha zikafuatana. Uvimbe wa saratani hulishwa zaidi na ateri, hivyo hung'aa mapema, kisha hufifia kabla ya ini lenyewe. Ukingo wake usipokuwa laini, daktari hushuku saratani kali, iliyokwisha kupenya mishipa midogo. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kabla ya kudungwa.

Watoto huchanjwa homa ya ini B tangu 2002. Sisi watu wazima wengi hatukuchanjwa. Tupimwe damu. Mabogini twalima mpunga, lakini ugali ni mahindi: yenye ukungu yatupwe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.