Pasipoti ya Mmiliki na Studio ya Mji: Televisheni za Kihispania Marekani (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia mwaka 1961, pale Raoul Cortez alipokiuza kituo chake cha San Antonio, Texas, kwa wawekezaji waliofungamana na Emilio Azcárraga Vidaurreta, tajiri aliyetawala utangazaji wa Mexico. Kituo kikaitwa KWEX. Mwaka uliofuata kikazaliwa KMEX mjini Los Angeles, na polepole vikaongezeka vingine, vyote vikitegemea tamthilia na muziki kutoka Mexico. Hoja ninayoitetea leo ni kwamba serikali ya Marekani ilihangaika kwa miongo mingi na uraia wa mwenye kituo, huku ikilegeza jambo lenye uzito zaidi kwa mtazamaji: kama kituo kina waandishi wanaofuatilia habari za mji ule uliotajwa kwenye leseni yake.

Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 inambana mgeni asimiliki zaidi ya asilimia 20 ya hisa za kituo moja kwa moja, au asilimia 25 kupitia kampuni mama bila idhini maalumu. Kwa sheria hiyo, Januari 1986 jaji wa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano aliamua kwamba vituo vya kundi la Azcárraga vilikuwa chini ya mkono wa wageni, hivyo leseni zake zisihuishwe. Vikauzwa kwa kampuni ya Hallmark, inayojulikana kwa kuchapisha kadi za salamu, pamoja na mshirika wake, kwa takriban dola milioni 300; mtandao wa vituo hivyo ukapewa jina la Univision. Je, mtazamaji wa San Antonio alipata nini? Mwenye kituo sasa alikuwa Mmarekani, lakini tamthilia za jioni ziliendelea kutoka Mexico. Mwaka 1992 Hallmark nayo ikauza, na miongoni mwa wanunuzi ikarejea Televisa, kampuni ya ukoo uleule wa Azcárraga, safari hii kama mshirika mwenye hisa chache.

Kilichovipa vituo hivi heshima ni kitu kingine. Mwaka 1970 mkurugenzi wa habari wa KMEX alikuwa Ruben Salazar, mwandishi aliyetoka Los Angeles Times, aliyefuatilia jinsi polisi walivyowatendea wakazi wenye asili ya Mexico. Tarehe 29 Agosti mwaka huo, siku ya maandamano makubwa ya kupinga vita vya Vietnam, aliuawa kwa kombora la gesi ya machozi lililofyatuliwa na askari wa kaunti. Chumba cha habari alichokiongoza hakikufa naye. Katika miaka ya 1990 taarifa ya habari ya jioni ya KMEX ilizishinda hata za vituo vya Kiingereza vya jiji hilo kwa watazamaji wa umri wa miaka 18 hadi 49. Watu hao wangeweza kupata tamthilia popote. Habari za shule za watoto wao, za mabasi yao na za mahakama ya mtaani kwao walizipata hapo.

Wapo watakaosema kwamba chumba cha habari ni gharama, na kituo cha mji mdogo hakiwezi kuibeba. Hoja hii ina uzito, na siidharau. Lakini tazama yaliyotokea ilipofuatwa. Mwaka 2006 NBC Universal, wenye Telemundo, mtandao mwingine wa Kihispania, walifuta taarifa za habari zilizokuwa zikitayarishwa Houston, Phoenix, San Jose na kwingineko, wakaweka taarifa ya pamoja kutoka Fort Worth, Texas. Mtu wa San Jose akawa anasomewa habari na mtu aliye mbali naye zaidi ya kilomita 2,000. Comcast ilipoinunua NBC Universal mwaka 2011, serikali iliweka miongoni mwa masharti kuongezwa kwa saa za habari za maeneo, na Telemundo ikajenga upya ilichokuwa imekibomoa. Kumbe iliwezekana.

Mfano wa pili ni Entravision, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Walter Ulloa na Philip Wilkinson, inayomiliki vituo vinavyorusha vipindi vya Univision katika miji kama Las Vegas, El Paso na McAllen. Kampuni hii ilitafuta faida nje ya televisheni, katika uwakala wa kuuza matangazo ya mitandaoni, hadi mwaka 2023 zaidi ya nusu ya mapato yake ikatokana na Meta, wenye Facebook. Machi 2024 Meta ilitangaza kuvunja mpango huo wa uwakala, na hisa za Entravision zikaporomoka. Anayeona habari za mji ni biashara ya hatari aitazame na hiyo iliyodhaniwa kuwa salama.

Pingamizi la mwisho ni la lugha: watoto wa wahamiaji wanakua na Kiingereza, na tangu mwaka 2000 idadi ya Walatino imeongezwa zaidi na wanaozaliwa Marekani kuliko wanaohamia. Ni kweli, na ndiyo sababu tamthilia pekee hazitaviokoa vituo hivi. Tangu 2022 TelevisaUnivision yenyewe, yaani Televisa na Univision zilizoungana, inazitoa kwa intaneti kupitia huduma yake ya ViX. Kijana anayezungumza lugha mbili atabaki na kituo kinachomweleza mji wake.

Mwaka 2017 Tume iliruhusu wageni kufikisha hadi asilimia 49 ya hisa za Univision. Mwaka huohuo ikafuta kanuni iliyokitaka kila kituo kiwe na studio kuu ndani au karibu na mji wa leseni yake. Uamuzi wa kwanza haukumdhuru mtazamaji; wa pili ulimnyang'anya kinga aliyokuwa nayo. Leseni huhuishwa kila baada ya miaka 8. Tume irudishe kanuni ya studio, na kila mwombaji aulizwe ana waandishi wangapi katika mji anaouombea leseni.