Tumaini la Manabii (Sehemu ya 3): Korongo Lisilokauka

Juma lililopita tulimwacha Amosi akitimuliwa Betheli na kuhani Amazia, arudi kwao Yuda akatabiri huko. Leo tuangalie neno lililomponza. Kwa Kiebrania ni mishpat, na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, tuliyolelewa nayo wengi wetu, mara nyingi hulitafsiri hukumu.

Hapo masikio yetu hutuponza na sisi. Tukisikia hukumu twawaza kizimba, faini na jela, na wahubiri wameongezea moto. Lakini mfikirie mjane wa karne ya 8 kabla ya Kristo ambaye shamba lake limemezwa na tajiri jirani. Kwake mishpat ni wazee kuketi langoni mwa mji, palipokuwa mahakama yao, wamsikilize asiye na cha kuhonga, kisha wamrudishie chake. Amosi aliona kinyume: rushwa ikipokewa palepale langoni, mizani ikichezewa sokoni, maskini akiuzwa kwa deni la thamani ya jozi ya viatu.

Mwenzake mishpat ni tsedaka, yaani haki. Neno hilo ni ndugu wa sadaka yetu, tuliyoipata kutoka Kiarabu, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania vina shina moja. Ila sisi sadaka tumeifanya chenji iliyobaki mfukoni. Kwa nabii, maskini anayepewa haki yake hajafadhiliwa na mtu.

Isaya naye aliyachezea maneno haya kama malenga. Mungu alitazamia mishpat akakuta mispah, umwagaji damu. Alitazamia tsedaka akapokewa na tseaka, kilio. Kwa maandishi ya Kiebrania, kila jozi inatofautiana kwa herufi moja tu.

Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa, ukingoni mwa jangwa la Yudea. Huko makorongo hufurika mvua zikinyesha, kisha hubaki mchanga mtupu. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa. Ndiyo maana alitaka haki itiririke kama korongo lisilokauka hata kiangazi. Haki ya msimu aliijua, nasi twaijua: hufurika tume inapoundwa.

Na maji yakipita, ardhi hubadilika. Katika sura ya 32 ya Isaya, Roho anamiminwa kutoka juu, jangwa linageuka shamba la rutuba, hukumu inafanya makao nyikani, na zao la haki ni amani. Zaburi ya 96 inakwenda mbali zaidi: miti ya msituni inashangilia kwa sababu Mungu anakuja kuihukumu dunia. Miti haina kesi mahakamani, lakini inajua kwamba mwenye kudhulumu jirani hauachi hata msitu.

Waraka wa pili wa Petro unapotaja mbingu mpya na nchi mpya, unaongeza jambo moja tu kuzihusu: haki yakaa humo. Isaya, katika sura ya 65, anaeleza kwa lugha ya fundi na mkulima. Amosi alikuwa amewatisha wenye nyumba za mawe ya kuchongwa kwamba hawatazikaa, wala hawatakunywa divai ya mizabibu yao. Sasa neno linageuzwa: aliyejenga nyumba ndiye atakayelala ndani yake, na aliyepanda mzabibu ndiye atakayekula matunda yake.

Juma lijalo: Yesu katika sinagogi la Nazareti.